Nani Alishinda Garsen?

Haya ni maneno niliyowaambia vijana wa baiskeli wa Malindi, jioni moja baada ya alasiri, chini ya mwarobaini. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, ila nimeondoa vicheko na yule mbuzi aliyetukatiza mara mbili.

Assalaam alaikum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mlioziegemeza baiskeli zenu ukutani pale kama ng'ombe wa mnada, hamjambo?

Nimeambiwa nizungumze dakika ishirini juu ya historia ya mbio za baiskeli. Aliyenialika ananijua, na anajua dakika ishirini zangu ni ngapi. Walio juani wasogee kivulini.

Zamani, kabla pikipiki hazijaijaza barabara ya Lamu, mimi mwenyewe niliwahi kukimbia mbio za siku mbili. Siku ya kwanza Malindi hadi Garsen. Tunalala. Siku ya pili tunarudi. Tulikuwa watu kumi na saba, na kati ya baiskeli kumi na saba yenye gia ilikuwa moja. Zilizobaki zote zilikuwa blakmamba, zile za keria ya chuma, ambazo wiki nzima zilikuwa zikibeba mikate, samaki, madumu ya mnazi, na mara moja moja mgonjwa. Keria yangu niliifungua usiku ule kwa spana nikaiweka uvunguni kwa mama. Mama akaniuliza, "Na kesho kutwa mikate utaibeba kichwani?"

Ulikuwa mwezi wa nane, kusi limekaza. Kwenda Garsen ni kuelekea kaskazini, kwa hiyo upepo ulitusukuma mgongoni, na kila mmoja wetu akajiona bingwa. Tulivuka daraja la Sabaki tunaimba. Mambrui tunapungia watu mikono. Gongoni, Marereni, bado maneno mengi. Barabara yenyewe haikuwa hii mnayoiona leo, lakini upepo mzuri huficha mashimo. Siku ya pili kusi lile lile lilikuwa linatungoja usoni. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo wenzetu wanaokimbia mbio kubwa wanalijua kama sala: anayekaa nyuma ya mwenzake hupumzika. Aliye mbele anakata upepo, wa nyuma anaokoa karibu theluthi ya nguvu zake. Sisi hatukujua. Tulikwenda kila mtu kivyake, kila mtu na fahari yake, tumetawanyika njia nzima kama nazi zilizoanguka garini. Kufika Mambrui nilikuwa nashuka kwenye baiskeli ninaisukuma.

Saa zetu ziliandikwa na bwana mmoja kwenye daftari la shule, jalada la buluu. Alisimama Garsen, akaandika kila anayefika. Asubuhi yake alitakiwa atangulie Malindi, akapata lori lililopakia maembe. Alifika yeye. Daftari halikufika. Aliliweka juu ya magunia apate kushika kamba kwa mikono miwili, na lori lile likaenda zake Mombasa.

Basi mpaka leo hakuna ajuaye nani alishinda. Mtu aliyefika wa kwanza Malindi tunamjua. Lakini mbio za siku nyingi hazihesabiwi hivyo. Unajumlisha saa za siku zote, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi, hata kama hajafika wa kwanza siku hata moja. Aliyefika wa kwanza Garsen alikuwa mtu mwingine, na aliwaacha wenzake mbali. Mbali kiasi gani? Dakika tano? Ishirini? Lilikuwa ndani ya daftari. Mmoja wa watu hao wawili ameshatangulia mbele ya haki, na wanawe wameurithi ubishi kama shamba. Mwingine yuko hai, na kwa kinyozi wake lisemwe lolote lile, siasa au bei ya unga, mwisho huishia Garsen.

Nimesikia mnataka kuanzisha mbio za hatua kutoka hapa mpaka Mokowe, zaidi ya kilomita mia mbili, siku tatu. Vizuri. Mji uliopeleka twiga China mwaka 1415 haushindwi kupeleka baiskeli Mokowe. Lakini kabla hamjanunua jezi, nataka niwasimulie mbio za jirani zilizoanza kama zetu, kwa watu wa ridhaa, bila pesa, ambazo mwanzo wake nusura upotee kama lile daftari. Nazungumzia Tour du Rwanda.

Rwanda nzima ni kama Kaunti yetu ya Kilifi mara mbili. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 26,338. Mtu atasema, basi baiskeli itaimaliza kwa siku mbili. Ajaribu. Sehemu ya chini kabisa ya nchi ile iko mita 950 juu ya bahari. Hapo ndipo pa chini! Kigali yenyewe iko zaidi ya mita 1,500, na hakuna tambarare ya kumpa mtu nafasi ya kunywa maji. Unapanda, unashuka, unapanda. Wenyewe huiita nchi ya milima elfu, na mwendesha baiskeli hamalizi kuihesabu.

Mbio zenyewe zilikimbiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1988. Mshindi alikuwa Mnyarwanda, Célestin Ndengeyingoma. Shikeni jina hilo, nitalirudia. Waliokimbia miaka ile walikuwa vijana wa klabu za Rwanda na majirani zao, watu wa ridhaa, wenye kazi nyingine siku za wiki. Hakukuwa na timu kutoka Ulaya wala helikopta juu ya vichwa. Barabara iligawanywa hatua baada ya hatua, mji hadi mji, kwa majina ya wakati ule: Butare, Ruhengeri, Gisenyi. Leo ukiuliza Ruhengeri kijana anakwambia Musanze. Butare imekuwa Huye, Gisenyi iko Rubavu. Majina yalibadilishwa mwaka 2006. Kwa hiyo hata ukiokota karatasi ya matokeo ya zamani, unahitaji mzee wa kukusomea.

Mwezi wa kumi 1990 vita vikaingia. Mwaka 1994 yakatokea yale tunayoyajua, mauaji ya kimbari, watu zaidi ya 800,000 kwa siku mia moja. Sitayasema mengi hapa, si mahali pake. Barabara zilezile za mbio watu walizipita wakikimbia wakiwa na watoto mgongoni. Mashindano yakanyamaza miaka mingi.

Yalirudi mwaka 2001, na Bernard Nsengiyimana akashinda. Halafu ikaja zamu ya mtu ambaye mimi, kama fundi baiskeli, nampenda kuliko mabingwa wote wa Ulaya. Anaitwa Abraham Ruhumuriza. Alikuwa akibeba abiria kwa baiskeli. Kule kwao wanaobeba abiria kwa baiskeli huitwa abanyonzi, na ni ndugu wa bodaboda zetu za kwanza, zile zilizoanzia mpaka wa Busia kabla ya injini. Keria nyuma, mto wa kukalia, mteja anakwambia "harakisha" na mlima uko mbele yako. Mtu huyo alishinda Tour du Rwanda 2002. Akashinda 2003. Akashinda 2004, akashinda 2005. Mwaka 2006 akakatizwa, na 2007 akarudi akachukua ya tano.

Nani alimkatiza 2006? Nilipouliza swali hili hapa, nilitazama huku na huku, hakuna mkono ulioinuka. Alikuwa Mkenya, Peter Kamau. Chris Froome mnamjua nyote, aliyezaliwa Nairobi 1985, akafunzwa na David Kinjah pale Kikuyu, akashinda Tour de France mara nne. Na anastahili. Lakini Mkenya mwenzetu alikwenda kwenye milima ya watu, kwenye mbio za watu, akamvua ubingwa mtu aliyeushika miaka minne mfululizo, na hapa Malindi, kwenye mkutano wa watu wa baiskeli, hakuna anayemjua. Silaumu mtu. Hata mimi nilimjua ukubwani.

Nieleze kidogo kwa nini ninawaheshimu watu hao, maana sisi wa pwani tunadhani mlima ni kupanda tu. Kupanda ni mapafu. Kushuka ni fundi. Breki za kubana rimu, kila unapozishika, zinasugua, na kusugua ni moto. Hapa kwetu unashika breki kwenye kona ya sokoni, unaachia, kwisha. Kule unashuka kilomita kumi umeshika. Rimu inapata moto mpaka usiweze kuigusa, hewa ndani ya tyubu inatanuka, na kama kiraka chako ulikibandika kwa haraka, gundi inalainika kinabanduka. Pancha katika mwendo wa kilomita sitini kwa saa. Niliwahi kumtengenezea baiskeli mtu mmoja aliyekuwa akikaa Taita. Mpira wa breki ulikuwa umelika wote, chuma kinasuguana na chuma, na rimu ina mfereji ambao kucha inaingia. Nikamwambia, bwana, wewe umekuwa ukishuka kwa dua. Sasa fikirieni vijana wa Kigali mwaka 1988, vipuri vya kuokoteza, wanashuka kuelekea ziwa Kivu huku wanashindana.

Sasa tufike kwenye jambo lililonileta.

Mwaka 2005 alifika Rwanda Mmarekani Tom Ritchey, mtengenezaji mashuhuri wa baiskeli, akaona watu wanavyobeba kahawa na viazi kwa baiskeli za mbao, akaguswa. Mwaka 2006 akafika mwenzake Jock Boyer, ambaye mwaka 1981 alikuwa Mmarekani wa kwanza kukimbia Tour de France. Boyer akabaki, akaunda timu ya Rwanda, akawapa vijana baiskeli za kaboni, akawapima mapafu, akawapeleka nje. Adrien Niyonshuti, mshindi wa Tour du Rwanda 2008, alitoka mikononi mwao na mwaka 2012 akakimbia Olimpiki ya London. Mwaka 2009 mbio zikaingia kwenye kalenda ya shirikisho la dunia, UCI, na Adil Jelloul wa Morocco akashinda. Mwaka uliofuata akashinda Daniel Teklehaimanot wa Eritrea.

Hayo yote ni kweli na ni mazuri. Kinachonikera ni jinsi yanavyosimuliwa. Ukisikiliza wengi, baiskeli ya Rwanda ilishushwa kutoka kwenye ndege mwaka 2006, na mbio zikazaliwa 2009 ziliposajiliwa. Jamani! Boyer alipokanyaga Kigali, Ruhumuriza alikuwa ameshatwaa mashindano hayo mara nne. Alikuwa na wapinzani, alikuwa na watu wa kumshangilia njiani, alikuwa na barabara anayoijua kona kwa kona. Mgeni alileta baiskeli nyepesi. Miguu aliikuta.

Lakini niwe mkweli, nusu ya kosa ni letu. Chukueni Tour de France. Iliandaliwa 1903 na gazeti, L'Auto, lililotaka kuuza nakala. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza kulikuwa na mtu na kalamu. Hatua sita, kilomita 2,428, walianza watu 60, wakamaliza 21, akashinda Maurice Garin, akimwacha wa pili kwa karibu saa tatu. Zaidi ya miaka mia imepita na mimi, fundi wa Malindi ambaye sijafika Ufaransa, ninaweza kuwasomea hayo kama bei ya sukari. Mbio za 1988 pale jirani, ambazo waliozikimbia wengine wangeweza kuwa wamekaa nasi hapa kivulini, ninakupa mwaka na mshindi, Célestin Ndengeyingoma, basi.

Na wino hauna upendeleo kwa Mzungu peke yake. Nendeni Eritrea. Pale Massawa bahari ni hii hii, majahazi ni haya haya, joto ni zaidi ya letu. Toka Massawa panda Asmara: kilomita kama 115, na mwisho wake uko mita 2,300 na zaidi. Waitaliano walipotawala walianzisha mbio za baiskeli huko mwaka 1937, wao kwa wao, mwenyeji haruhusiwi. Mwaka 1939 wakakubali kushindana na wenyeji, wapate kuonyesha nani bora. Aliyeshinda ni Mweritrea, Ghebremariam Ghebru. Tunalijua jina lake kwa sababu liliandikwa, na sidhani aliyeliandika alifurahi. Mwaka 1946 wakafanya mbio za hatua za kuzunguka nchi, akashinda Mwitaliano Nunzio Barrilà, kisha zikalala mpaka 2001. Mwaka uleule zilizorudi za Rwanda. Na mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea akashinda hatua tatu za Tour de France akarudi kwao na jezi ya kijani, ile ya mwenye pointi nyingi. Wakubwa walishangaa ametokea wapi. Mtu wa Asmara hakushangaa. Yeye ana majina tangu 1939.

Ya Rwanda ya baadaye mnaweza kuyatafuta wenyewe kwenye simu. Nitasema mawili. Valens Ndayisenga aliposhinda mwaka 2014 alikuwa Mnyarwanda wa kwanza kushinda tangu mbio ziingie kalenda ya dunia, na alizaliwa mwaka 1994. Mwaka ule. Sina la kuongeza hapo.

La pili. Mwezi wa tisa 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Wanaume walikimbia kilomita 267, na milima juu ya milima, akashinda Tadej Pogačar wa Slovenia. Waliomaliza walikuwa 30 tu. Moja ya sehemu zilizowachosha ni kilima cha mawe pale Nyamirambo, panaitwa Kwa Mutwe. Nyamirambo ni mtaa wa Waswahili wa Kigali, misikiti, chai ya maziwa, wazee wanaongea Kiswahili kibarazani. Nilikuwa naangalia kwenye simu ya mjukuu, mabingwa wa dunia wanahema wanapanda yale mawe, na pembeni namwona mzee wa kofia amesimama ametulia. Nikajiambia, yule si mgeni wa mambo haya. Watu wa mtaa ule wameona Tour ikipita tangu haijajulikana na mtu.

Sasa, mbio zenu. Kuna mtu ameniuliza jezi ya kiongozi iwe rangi gani. Iwe yoyote, hata kanga. Mwingine ameniuliza habari za wafadhili. Hilo mimi si wa kuulizwa; mfadhili wangu alikuwa mama, na alinidai keria yake. Habari za njia ya Lamu na usalama, zungumzeni na wenye kazi hiyo mapema, msiwaletee barua siku mbili kabla. Na kama mtakimbia wakati wa kusi mkielekea Mokowe, upepo utawafaa, lakini msijidanganye kwa saa mtakazopata. Andikeni na upepo.

Naam, andikeni upepo. Andikeni jina la mtu kamili, la kwake na la baba yake, maana Athumani wa Malindi ni wengi. Andikeni baiskeli yake ni ya aina gani, ina gia au haina. Andikeni saa yake darajani Sabaki, saa yake Garsen, saa yake Witu, saa yake Mokowe. Andikeni aliyepata pancha na mahali alipoipatia. Andikeni na wa mwisho. Nakala mbili, ziende na magari mawili tofauti. Najua mtaniambia mtapiga picha kwa simu. Pigeni. Simu huibwa, huanguka majini, hufa na siri zake. Na tafadhali, asiwekwe mtu juu ya lori la maembe.

Nimekuja na hili. Daftari la jalada gumu, nimelinunua mchana huu dukani hapo juu, na risiti yake nimeibandika kwa ndani ili na tarehe iwepo. Ukurasa wa kwanza nimeutumia mimi, mnisamehe. Nimeandika mbio zetu za Garsen kama ninavyozikumbuka: majina kumi na manne kati ya kumi na saba, baiskeli zao, nani alivunja cheni Gongoni, nani alikula samaki wa kukaanga Marereni akatapika. Matatu yamenipotea. Mstari wa mshindi nimeuacha wazi.

Watoto wa marehemu wako pale nyuma, nimewaona walipoingia. Na yule mzee mwingine amekaa mstari wa mbele, anajifanya amelala. Mzee, amka. Njoo hapa mezani, na nyinyi wanangu njooni. Kama mnakumbuka yale majina matatu, tuanze na hayo kwanza. Kalamu hii hapa.

Wakati wanakuja, nataka kujua: nani atasimama Sabaki na saa?